Joto la Usiku, Miaka 10

Habari zenu wapendwa, na shikamooni mama zangu na shangazi zangu mlioko Tanga. Niko jikoni kwangu hapa Chicago. Dirisha liko wazi na nje theluji inaanguka. Hii kanga niliyojifunga ni ya pili, ile ya kwanza nimeivua saa nane usiku imelowa jasho chapachapa. Nina miaka 54, na hili ni joto la kukoma hedhi.

Daktari mmoja aliniambia nivumilie, miaka michache tu litapita. Huu mwaka wa sita. Nikaanza kusoma mwenyewe.

Kuna utafiti mkubwa hapa Marekani unaitwa SWAN, umefuatilia wanawake zaidi ya 3,000 tangu miaka ya 1990: Weusi, Wazungu, Wachina, Wajapani na Walatino. Matokeo ya 2015 yakaonyesha joto hili kwa mwanamke Mweusi hudumu miaka 10 hivi. Mzungu, sita na nusu. Mjapani haifiki hata mitano. Jamani, miaka 10! Nilipoiona ile namba nililia. Kumbe sikuwa nadeka.

Sasa msije mkasema damu yetu ni ya namna nyingine, hilo nalikataa. Hedhi ikishakoma, ovari, yaani vifuko vya mayai, karibu zinaacha kutengeneza estrojeni, homoni ya kike. Inayobaki hutoka zaidi kwenye mafuta ya mwili, ambayo hugeuza homoni zinazotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Kwa hiyo unapopima estrojeni kwenye damu ya wanawake wa asili tofauti, unapima pia uzito wao. Na SWAN hiyo hiyo iliona kwamba wenye msongo wa mawazo na wenye elimu ndogo nao joto liliwakaa muda mrefu zaidi. Mwanamke anayefanya kazi mbili na kodi inamsubiri, mwili wake unajua.

Na hao waliohesabiwa ni Weusi wa hapa. Sisi wa Tanga hatukuwemo.

Juzi nikampigia mama. Nikamuuliza, mama, mbona ulikuwa ukikaa barazani usiku na upepeo mkononi, ukituambia unapunga upepo tu? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mwanangu, nilianza wewe uko darasa la tano. Nikaacha ulipoolewa."

Nimehesabu. Ni miaka 12.