Barua ya mwenyekiti sio kibali cha msitu (mazungumzo ya Masindi, Uganda)

Asanteni, kaeni tu, wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Naanza na lile lile ninalolisema kila mahali na nitaendelea kulisema: barua ya LC wani, yaani mwenyekiti wa kijiji, sio kibali cha kufanya jambo msituni. Sio kibali cha mizinga, sio cha kempu ya vijana, sio cha maombi ya mkesha, sio cha mbio, sio cha kupiga picha za harusi pale Royal Mile, ile njia ya ndani ya msitu wetu wa Budongo. Mwenyekiti anaweza kuandika kwamba anakufahamu, unakaa kijijini kwake, huna kesi. Basi. Budongo haiko chini yake. Mwenyekiti kukupa msitu ni sawa na mpangaji kukuuzia nyumba, hata akikupa karatasi yenye stampu nzuri, nyumba sio yake.

Kuna kikundi cha akina mama nakijua vizuri, sitakitaja, wako kandokando ya msitu. Walitaka kutundika mizinga ndani. Wazo zuri kabisa, asali ya msitu ina soko na nyuki hawaharibu mti. Wakachanga hela, wakaenda kwa mwenyekiti, wakatoa hela ya stampu, wakapewa barua. Na kuna mtu mwingine, huyo hakuwa na ofisi yoyote, akawaambia anajuana na wakubwa, akachukua yake pia. Mizinga ikatundikwa, nyuki wakaingia, wenyewe wakawa wanangojea kuvuna. Doria ikapita. Askari wa msitu wakauliza kibali kiko wapi, mama mmoja akakimbia nyumbani akaleta ile barua kaifunga vizuri kwenye plastiki, yule askari akaisoma yote mpaka chini, akamwuliza, mama, hapa wapi pameandikwa mzinga? Hapakuwa na mzinga. Hapakuwa na jina la msitu. Imeandikwa tu kwamba hawa ni wakazi wema wa kijiji, wasaidiwe. Mizinga ikashushwa na wakati wa kushusha nyuki wakahama, hela ya kikundi ikaenda hivyo. Nikikumbuka bado nakasirika, maana wale mama hawakuwa wezi, walikuwa wanatafuta njia halali na kila waliyemwuliza alichukua hela badala ya kuwaambia mlango uko wapi.

Na mlango upo. Ile sheria ya misitu na upandaji miti ya 2003 inaruhusu wanakijiji kukaa chini na mamlaka inayosimamia msitu wakaandikishana mkataba wa kusimamia pamoja, wenyewe mnauita CFM. Kikundi kinasajiliwa, mnakaa vikao, mnapima sehemu yenu, mnakubaliana nani anafanya nini. Ni safari ndefu, sitawadanganya, inachosha. Lakini ndani ya mkataba ule mizinga inaandikwa kwa jina. Na mjue kwa nini wanakuwa wakali na mizinga: kuna watu wanachonga magogo au wanabandua magome kutengeneza mizinga, na kuna wanaovuna kwa moto wa wazi Januari nyasi zimekauka, cheche moja tu na kompatimenti nzima, yaani kipande kizima cha msitu, inaweza kuungua. Ukienda na mizinga ya mbao uliyotengeneza nje na bomba la moshi, unaongea nao vizuri.

Sasa najua kuna mzee hapa anasema moyoni, huyu anatuletea nini, sisi tumezaliwa hapa, babu zetu waliokota kuni humu kabla hizo ofisi hazijajengwa. Mzee wangu, uko sahihi, na sheria hiyo hiyo inakulinda. Kuni kavu za kupikia nyumbani kwako, kwa kiasi cha kawaida, mwanakijiji anachukua bure kwenye hifadhi. Bure! Mtu akikutoza hela ya mzigo wa kuni kavu za jikoni mwulize risiti, mwulize na jina lake. Lakini ukichoma mkaa ukauza, au ukipakia kuni kwenye lori, hiyo ni biashara, inataka leseni. Katiba ya 1995 inasema misitu hii serikali inaishika kwa niaba ya wananchi. Ndio maana 2007, ilipotaka kutolewa sehemu ya msitu wa Mabira, hekta kama 7,100 hivi, iwe shamba la miwa, watu waliinuka na wengine wakafa. Msitu ungekuwa wa mwenyekiti, ungeisha kwa stampu moja tu.

Haya, nani anatoa kibali. Swali la kwanza kabla ya kuandika chochote ni huu msitu ni wa aina gani. Hifadhi kuu ziko 506 nchi nzima, hizo ni za NFA, mamlaka ya misitu ya taifa, unaenda ofisi yao ya eneo, sio lazima upande basi mpaka makao yao makuu Bugolobi, Kampala. Hifadhi za wilaya ni kwa ofisa misitu wa wilaya. Ndani ya hifadhi za wanyama ni UWA, mamlaka ya wanyamapori. Halafu ipo ya jamii na ya watu binafsi, huko unaongea na wenyewe. Kwetu hapa inachanganya kweli, maana ukienda Paraa, kule mbugani Murchison Falls, ukipita geti ya Kichumbanyobo umeshaingia eneo la UWA, lakini miti ya Kaniyo Pabidi unayoitazama ni Budongo ile ile. Kwa hiyo uliza ofisi zote mbili, na uliza kwa maandishi. Jibu la mdomo huwezi kumwonyesha askari porini.

Barua yako iseme msitu gani, upande gani, watu wangapi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, magari mangapi, mtawasha moto au hapana, spika zipo au hapana, takataka zinaenda wapi, simu ya mhusika. Msiniambie eti mkiandika spika mtanyimwa. Andika! Mle kuna sokwe mtu kama 600 hivi, wanasumbuliwa na kelele, na mafua yetu sisi yanaweza kuwaua, mwenye kikohozi abaki nyumbani. Na zipo sehemu kama kompatimenti N15 zilizotengwa kabisa, usipoteze nauli kuomba kempu humo. Hela inalipwa benki kwa namba ya malipo, haiingii mfuko wa mtu.

Watafiti, nyinyi mnapitia Baraza la Sayansi na Teknolojia pia, tutaongea pembeni. Filamu, muda hautoshi. Mradi mkubwa kama kujenga loji unataka ripoti ya mazingira, mwone NEMA, mamlaka ya mazingira, mapema kabla hamjakopa.

Jambo la fomu. Baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi 2022, na fomu zote nilizoziona mimi ni Kiingereza kitupu. Watu wa miji ya Kigumba na Bweyale wanasainishwa wasichokisoma. Ofisi ziandike, ukurasa mmoja tu, bei na hatua, zibandike mlangoni. Nimeomba na nitaomba tena.

Wenye barua za mwenyekiti mfukoni leteni hapa mbele tuzisome moja moja, tuone kila moja inatakiwa iende ofisi gani.