Nani Ameshika Kalamu ya Mipaka? Michigan Ilishinda, Ohio Ikashindwa

BARAKA: Karibuni wasikilizaji. Mimi ni Baraka, niko Grand Rapids, Michigan. Mwenzangu yuko Columbus, Ohio. Shikamoo dada Zuhura.

ZUHURA: Marahaba kaka. Kabla hatujaanza tuelewane kwa maneno, maana msikilizaji wa Dar akisikia "jimbo" anamfikiria mbunge wake. Leo tukisema jimbo ni Ohio nzima au Michigan nzima. Kile kipande kinachomchagua mwakilishi mmoja tutakiita eneo bunge, kama tunavyosema Kenya.

BARAKA: Sawa. Na ile hila ya kuchora maeneo bunge ili chama kipate viti kabla kura hazijapigwa huku inaitwa jerimanda. Imetokana na Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts, aliyetia saini sheria ya mipaka mwaka 1812. Eneo moja lilipinda hadi gazeti la Boston likalichora kama salamanda, yule mnyama mwenye umbo la mjusi. Wakaunganisha majina.

ZUHURA: Mimi watu wakiniuliza huwachorea nyuma ya bahasha. Tuseme mtaa una wapiga kura 15 na viti 3, kila kiti watu 5. Tisa ni wa chama A, sita wa chama B. Sasa mpe B kalamu. Anarundika watano wa A kwenye eneo moja, washinde tano kwa sifuri, washangilie. Wamebaki A wanne na B sita. Anawapasua: A wawili na B watatu huku, A wawili na B watatu kule. Mwenye watu sita ameondoka na viti viwili kati ya vitatu, na hakuna sanduku lililoguswa.

BARAKA: Hapa kwetu tuliishi hivyo. Mwaka 2012, ukijumlisha kura zote za Baraza la Wawakilishi la Bunge la Marekani kwa Michigan nzima, Democrat walipata nyingi kuliko Republican. Viti vilikuwa 14. Republican walichukua 9, Democrat 5. Eneo bunge la 14 lilianzia Grosse Pointe kando ya maji, likapita Detroit, likakunja kona kona mpaka Pontiac. Ukiliona kwenye ramani huwezi kusema ni watu gani hao waliowekwa pamoja, na kwa sababu gani.

ZUHURA: Na aliyeanzisha kampeni ya kubadilisha hayo hakuwa mwanasiasa.

BARAKA: Katie Fahey, binti wa miaka 27, alikuwa akifanya kazi kwenye shirika la urejelezaji taka. Siku mbili baada ya uchaguzi wa Novemba 2016 aliandika Facebook kwamba angependa kupambana na jerimanda Michigan, anayetaka kusaidia amwambie. Watu wakajitokeza. Ninachokipenda ni kwamba hawakuanza kwa kuandika sheria. Walizunguka kwanza, mikutano 33 ya hadhara ndani ya siku 33, wakiuliza watu: nyinyi mngetaka nani achore mipaka? Ndipo wakaandika pendekezo, na kundi lao wakaliita Voters Not Politicians, yaani wapiga kura, si wanasiasa.

ZUHURA: Halafu saini.

BARAKA: Ili pendekezo lipigiwe kura na wananchi, walihitaji saini halali 315,654. Walikusanya zaidi ya 425,000 kwa siku 110, na waliozikusanya ni watu wa kujitolea, hakuna aliyelipwa. Mimi nilisaini sokoni Jumamosi moja. Mama mmoja alikuwa na ubao wa kushikia karatasi, na juu yake ramani ya eneo letu. Hakuniuliza chama changu. Aliweka kidole kwenye ramani akasema, "Wewe uko hapa. Jirani yako wa ng'ambo ya barabara yuko eneo lingine. Unajua kwa nini?" Sikujua. Nikasaini.

ZUHURA: Kidole tu!

BARAKA: Kidole tu. Wapinzani wakaenda mahakamani, Mahakama ya Juu ya Michigan ikaruhusu pendekezo liende kwa wananchi, majaji wanne kwa watatu. Novemba 2018 likapita kwa asilimia 61. Leo mipaka inachorwa na tume ya raia 13: wanne wa Democrat, wanne wa Republican, watano wasio na upande. Ramani haipiti kwa wingi wa kura peke yake. Lazima iungwe mkono na angalau wawili kutoka kila kundi.

ZUHURA: Sasa nikupe ya Ohio, na bado inaniuma. Sisi mwaka 2015 na 2018 tulishapitisha marekebisho ya katiba ya jimbo, lakini kalamu ikabaki mikononi mwa wanasiasa. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo ikazikataa ramani zao mara saba. Mara saba, Baraka! Na bado uchaguzi wa mwaka ule ukafanyika kwa ramani zilizokataliwa. Jaji mkuu aliyekuwa upande wa kuzikataa, Maureen O'Connor, ni Republican. Alipostaafu akaingia kwenye kampeni yetu ya 2024, Pendekezo namba 1. Tume ya raia 15, tano tano tano: Republican, Democrat na wasio na upande.

BARAKA: Na saini mlizipata.

ZUHURA: Tuliwasilisha zaidi ya 731,000, ilhali zilihitajika 413,487. Na Ohio saini si jumla tu. Lazima upate kiwango katika angalau kaunti 44 kati ya 88, kwa hiyo huwezi kukaa Columbus na Cleveland ukamaliza kazi. Kila karatasi ni ya kaunti moja, mtu asaini kwa wino, na wewe mkusanyaji umwone kwa macho yako akisaini. Saini hazikutushinda. Kilichotushinda ni aya chache.

BARAKA: Maelezo ya kwenye karatasi ya kura.

ZUHURA: Pendekezo letu lilipiga marufuku jerimanda. Lakini maelezo anayosoma mpiga kura yaliandikwa na maofisa, siyo sisi, na yalisema tume mpya italazimika kuchora mipaka kwa kupendelea mojawapo ya vyama viwili vikubwa. Walitumia neno lenyewe, jerimanda! Tulipinga mahakamani, sehemu kubwa ya maneno ikabaki. Wiki ya mwisho nikabisha hodi kwa mzee mmoja mtaani kwetu, mtu wa heshima, anasoma habari kila siku. Akanifungulia kwa furaha: "Nimeshapiga kura mapema, mwanangu. Nimepiga Hapana. Siitaki kabisa hiyo jerimanda."

BARAKA: Lo.

ZUHURA: Nilisimama barazani kwake na vipeperushi mkononi. Ukimwambia amekosea unamvunjia heshima, na kura imeshaingia. Nikamshukuru, nikaenda nyumba ya pili. Tulishindwa kwa takribani asilimia 54 kwa 46.

BARAKA: Nisije nikaipamba Michigan mno, dada. Ramani za tume zilitumika 2022 na Democrat wakapata Seneti ya jimbo kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980. Lakini Desemba 2023 majaji wa shirikisho walifuta maeneo 13 ya Detroit na viunga vyake, wakisema tume ilitanguliza rangi ya watu katika kuchora. Watu weusi wa Detroit walilalamika tangu mwanzo, kwenye vikao vya tume yenyewe, wakaambiwa ramani ni nzuri. Tume ikachora upya.

ZUHURA: Angalau kulikuwa na kikao cha kulalamikia.

BARAKA: Hilo kweli. Na California? Agosti 2025 Texas ilichora upya mipaka yake ya Bunge la taifa ili Republican waongeze viti vitano. California wakajibu kwa Pendekezo la 50, la ramani mpya za kuwaongezea viti Democrat, Novemba, likapita kwa asilimia kama 64. Ramani za Bunge la taifa za tume yao zikawekwa kando hadi baada ya sensa ya 2030.

ZUHURA: Ningekuwa kule ningepiga Hapana, na najua rafiki zangu watanikasirikia. Tume ile wananchi waliipigania tangu 2008.

BARAKA: Mimi ningepiga Ndiyo. Tangu 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani imesema jerimanda ya vyama si kazi ya mahakama za shirikisho. Na raia wa Texas hawana haki ya kukusanya saini wapeleke pendekezo lao. Wafanye nini?

ZUHURA: Sina jibu la kukutosha. Ila najua mlangoni ningefanya nini tofauti.

BARAKA: Haya, mimi ni yule mzee, na kura bado sijapiga. Bisha.

ZUHURA: Hodi, baba. Sikuletei kipeperushi leo. Nimekuja na nakala ya karatasi ya kura yenyewe, kama utakavyoikuta. Hebu nisomee hapa, pole pole.

BARAKA: "...tume itakayolazimika kuchora mipaka kwa kupendelea..." Ala! Hii mimi nitaikataa.

ZUHURA: Na sasa hii hapa ni sheria yenyewe, ukurasa wa pili. Tusome zote mbili. Naweza kukaa?

BARAKA: Kaa, mwanangu. Ngoja nichukue miwani.