Chambo cha Mti na Mashine Inayonakili
Mhadhara kwa wavuvi na mafundi seremala, Chake Chake, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mafundi wenzangu, manahodha mliotoka Kojani na Wesha, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti havikutosha, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya kukereza chambo cha mti, yaani kuchonga, mti ukizunguka mashineni, yule samaki wa bandia anayeburutwa kwa mshipi nyuma ya boti, kwa mashine inayonakili umbo. Nitasema kama seremala, maana hiyo ndiyo kazi yangu, lakini nimeomba wavuvi wakae safu za mbele. Wao ndio watakaosema kama kazi hii inafaa au haifai.

Nianze na jambo ambalo kila anayerambaza, yaani anayevua kwa kuburuta chambo, katika mkondo wa Pemba analijua. Chambo kinachovua vizuri ndicho kinachopotea mwanzo, kwa sababu ndicho kinachoumwa. Mtu ana chambo kimoja cha mti, pengine amekichonga kwa kisu, pengine ameachiwa na mgeni. Kila akikishusha, nguru anakuja. Siku moja mzia anakata mshipi, chambo kimekwenda. Anarudi nyumbani anachonga chengine, na macho yake yanamwambia ni kilekile. Akifika baharini samaki hawakitaki. Kichwa kimezidi unene wa milimita mbili, tumbo limesogea nyuma kidogo, na kile kilichokuwa kikiyumbayumba sasa kinazunguka mpaka mshipi wote unajisokota.

Hasara ya mti ni ndogo. Kinachoniuma mimi ni kwamba ujuzi umezama pamoja nao. Yule mtu aligundua umbo linalofaa katika maji yetu, kwa mwendo wa boti zetu, na hana tena njia ya kulirudia. Ukichonga kwa mkono, kila chambo kinatofautiana na mwenziwe kwa mambo matano au sita kwa mara moja; kikivua hujui ni lipi lililovua, kisipovua hujui urekebishe nini. Mashine inayonakili inakupa maumbo kumi yanayofanana, halafu unabadilisha jambo moja tu: uzito, au mahali pa uzito, au rangi. Hapo ndipo unapoanza kujifunza.

Kukereza wenyewe si kazi ngeni kwetu. Aliyelala kwenye samadari ya bibi yake ameiona miguu ile yenye mafundo na mabonde, minne inayolingana. Fundi wa zamani aliilinganisha kwa jicho na kwa bikari, akipima, akikata, akipima tena. Kifaa cha kunakili kinamwondolea kupima huko.

Kinafanya kazi hivi. Mti unazunguka baina ya vichwa viwili vya mashine, kama kawaida. Mbele yake, au nyuma yake, kuna kiolezo: kibapa cha plastiki ngumu au bati nene la alumini lililokatwa kwa umbo la nusu ya chambo, kuanzia mstari wa kati mpaka mgongoni. Kuna kitoroli kinachoteleza, na juu yake vimefungwa vitu viwili: kisu kinachokata mti, na kidole cha chuma kinachopapasa ukingo wa kiolezo. Kidole kikipanda, kisu kinarudi nyuma; kidole kikishuka, kisu kinaingia. Unapita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara kidogo kidogo, mpaka kidole kinagusa kiolezo chote toka kichwani hadi mkiani. Basi, umbo limekamilika.

Mafundi naomba mtege masikio hapa. Ncha ya kidole na ncha ya kisu lazima ziwe na umbo moja na ukubwa mmoja. Kama kisu kina ncha ya duara ya milimita tatu na kidole kina ncha kali, chambo hakitafanana na kiolezo: mabonde yatakuwa mapana kuliko ulivyochora na vilima vitakuwa vyembamba. Wengi hulaumu mashine, na kosa liko kwenye ncha. Jambo la pili, ncha ya kisu ikae sawasawa na kitovu cha mzunguko. Ikiwa chini yake, mkiani utabakiwa na kichuguu kisichokatika. La tatu ni ukingo wa kiolezo: usugue kwa msasa laini mpaka ukucha usikwame popote. Kidole kinasoma kila kitu, na kijibonde ulichokiacha kwenye alumini utakikuta kwenye kila chambo utakachotoa. Mimi sipendi violezo vya plaiwudi kwa sababu hiyo. Baada ya kazi ya muda ukingo unalika, na chambo cha mwisho hakifanani na cha kwanza.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1819, huko Massachusetts, Marekani, Thomas Blanchard alipata hataza ya mashine ya kukereza vitako vya bunduki, na mashine yake ikatumika kwenye kiwanda cha silaha cha Springfield. Kitako cha bunduki si cha mviringo, kwa hiyo alihitaji ujanja zaidi: mfano wa chuma na kipande cha mti vilizunguka pamoja, gurudumu moja likipapasa mfano na jengine lenye visu likikata mti. Kwa njia hiyo hiyo baadaye wakatengeneza kalibu za viatu na mipini ya mashoka. Kifaa chetu ni kidogo kuliko hicho na kinatoa vitu vya mviringo tu, lakini akili yake ni moja: mkono unafikiri mara moja, chuma kinarudia. Hata chambo cha mti cha Wamarekani, tangu zama za James Heddon, mtengenezaji wa chambo wa Dowagiac, Michigan, mwanzoni mwa karne ya 20, vingi vyake vina umbo la sigara. Hilo ndilo umbo ambalo mashine ya kukereza inalitoa kwa wepesi.

Sasa mti. Wengi hukimbilia mvinje kwa sababu ni mgumu na unapatikana. Mvinje ni mzito mno kwa chambo kinachotakiwa kuelea. Msufi kwa upande wake ni mwepesi sana, na kisu cha mashine hii, ambacho kwa kweli kinakwangua kuliko kukata, kinaunyofoa badala ya kuulainisha. Mimi naupenda mwembe uliokauka vizuri, na mfenesi. Nasisitiza ukauke. Mti mbichi ukikerezwa unatoka duara safi, lakini ukija kukauka duara linageuka yai, na chambo kilicho yai kinavuta upande.

Kabla ya kuuzungusha, toboa. Hapa ndipo penye siri kubwa ya kazi hii. Kipande kikiwa bado na pande nne, kimekaa bapa mezani, unaweza kupiga mistari kwa kipimo na kutoboa tundu za ndoana za tumboni zikiwa zimenyooka kabisa. Tundu ya kupitisha waya toka puani hadi mkiani nayo itoboe sasa, nusu toka mbele, nusu toka nyuma, ili zikutane katikati. Kama chambo kitakuwa na ulimi wa bati wa kukizamisha, mfereji wake pia ukatwe kwa msumeno sasa hivi. Kipande kikishakuwa cha mviringo hakina tena tumbo wala mgongo. Utakishika kwenye jiriwa kitateleza, na tundu itakwenda kombo. Ukimaliza, ziba tundu kwa vijiti vya mti huohuo vilivyobanwa bila ya gundi, kisu kisije kikararua midomo yake.

Washa mashine kwa mwendo wa pole wakati pembe nne zinaondoka, kiasi cha mizunguko 800 kwa dakika, halafu ukishapata mviringo panda mpaka 1500 hivi. Sikiliza. Mwanzo kunakuwa na mgongano, tak-tak-tak, kisu kinapiga pembe. Sauti ikigeuka kuwa mvumo mmoja, umefika kwenye mviringo. Katika mpito wa mwisho daima teremka: anza pale penye unene, uelekee kwenye wembamba, upande wa kichwa na upande wa mkia. Ukipanda kutoka kwenye wembamba, nyuzi za mti zinanyanyuka, na hakuna msasa utakaozilaza bila ya kula umbo. Vipande virefu hupindika katikati kisu kikisukuma, kwa hiyo acha ncha zote mbili nene mpaka mwisho.

Nije kwenye uzito, jambo ambalo mashine haiwezi kukufanyia. Chukua chambo cha sentimita 15, unene wa sentimita 3 penye tumbo. Ujazo wake ni kama mililita 70. Kikizama chote, maji ya bahari yanakibeba kwa gramu 72 hivi. Mti ambao kila mililita ina nusu gramu utakupa mwili wa gramu 35. Kwa hiyo unaweza kuongeza gramu 37 za risasi, waya na ndoana kabla hakijazama. Mti wa gramu 0.65 kwa kila mililita utakupa mwili wa gramu 45 hivi, na nafasi yako imebaki kama gramu 27. Maumbo hayo mawili ukiyaweka mezani hakuna atakayeyatofautisha, na hata vipande viwili vya mwembe mmoja, kimoja cha moyoni na kimoja cha ukingoni, vinaweza kupishana. Basi kila mwili ukitoka mashineni uweke kwenye mizani ndogo ya gramu, andika uzito wake kwa penseli, na panga wenye kulingana pamoja. Asiyepima anakuwa amenakili ganda tu.

Risasi yenyewe ikae chini, tumboni. Mwili wa mviringo uliofungwa puani hauna sababu ya kubakia mgongo juu. Ni uzito wa chini ndio unaoupa mgongo.

Kwa anayeanza, nashauri asianze na chambo chenye ulimi. Aanze na kile cha mwerezi ambacho wavuvi wa jodari wa Marekani wamekitumia miaka mingi: kichwa cha risasi, mwili wa mti wa mviringo usio na rangi, tundu moja katikati, ndoana moja mkiani, urefu wa kama sentimita 15. Hakina ulimi, hakina macho. Kikivutwa nyuma ya boti kinaruka huku na huku, na jodari wanakifuata. Kila sehemu ya mti wake inatoka kwenye kiolezo, hakuna kinachobaki kwa mkono. Hapa kwetu mwerezi si rahisi kupatikana, lakini mwembe utaufanya mwili, kwa sharti la kupima kama nilivyosema.

Kuhusu kuyeyusha risasi nitakuwa mkali, na akina mama mlio hapa mnisaidie kusimamia. Iyeyushwe nje, penye upepo, watoto wasiwepo. Sufuria iliyoyeyusha risasi isirudi jikoni, hata ikisuguliwa vipi. Kalibu iwe kavu kabisa, kwani tone moja la maji chini ya risasi ya moto linairusha usoni. Na kwenye mashine: mikono ya kanzu ikunjwe, glavu zivuliwe, miwani ivaliwe.

Rangi nitaipita haraka, kwa sababu samaki wanaijali kidogo kuliko wanunuzi. Kinachohitaji moyo ni kuziba mti usinywe maji. Maji huingia kwenye tundu za ndoana, mti unafura, rangi inapasuka, na uzito ulioupima unaharibika. Mimina gundi ya epoksi iliyolegezwa ndani ya kila tundu kabla ya kuweka waya, kisha paka nje mara mbili au tatu, kila mpako ukauke.

Halafu kijaribu majini. Lauri Rapala wa Ufini alipochonga chambo chake cha kwanza mwaka 1936, kwa kisu na gamba la mti, alikuwa amewatazama samaki wadogo wanavyoyumba, akakirekebisha mpaka kikayumba kama wao. Chambo chenye jina lake leo kinatoka viwandani kwa wingi, na bado kampuni inajivunia kukijaribu kila kimoja majini kabla ya kukiuza. Sisi tuna bahari mlangoni. Maji yakijaa, simama gatini, funga chambo kwenye kamba, kitembeze. Kinachovuta kulia, pinda pete ya pua kidogo kushoto, halafu kitembeze tena.

Kwa nini nasema haya Pemba, na kwa nini sasa? Tangu waya wa umeme wa baharini ulipotufikia kutoka Tanga mwaka 2010, karakana nyingi hapa kisiwani zina mota. Tuna maseremala, na nje ya kisiwa cha Misali tuna kina cha bahari ambacho wageni wanakivukia dunia nzima wakija na visanduku vya chambo cha kununua. Kusi likivuma na vyombo vikikaa pwani, mvuvi ana muda na fundi ana mashine. Nataka wakae pamoja: mvuvi alete kile chambo chake kimoja kilichobaki, fundi akipime kwa kalipa kila nusu sentimita, achore nusu ya umbo kwenye alumini. Kiolezo hicho kiandikwe jina la mvuvi, uzito wa mwili na mahali pa risasi, kitundikwe ukutani. Mzia akikata mshipi tena, utakuwa umepoteza asubuhi moja ya kazi.

Mashine ipo pale chini ya dirisha, na vipande vya mwembe vilivyokwisha kutobolewa viko kwenye kikapu. Wavuvi watangulie. Kila mmoja akamate kitoroli kwa mkono wake apite mara moja, asikie kidole kinavyopanda kwenye kiolezo. Vijana, msisimame upande wa kisu.