Usafi wa Moshi, Ushuru wa Tübingen

Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, nanyi vijana mliosimama pale mlangoni: shikamooni, na hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie sifa ya mji. Kwa Moshi hilo ni somo tamu, maana sifa tunayo. Mgeni hajashuka stendi, abiria mwenzake ameshamwonya: chupa usidondoshe, hapa ni shilingi 50,000. Manispaa hii imeshinda mashindano ya usafi ya kitaifa mpaka miji mingine imetuzoea, na mimi najivunia kama ninyi. Ila leo nitaipima sifa yetu kwa kuitazama ya mwenzetu, Tübingen, kule kusini mwa Ujerumani. Tangu 2014 miji hii miwili ni ndugu kwa mkataba, ingawa wengi humu mnalisikia jina hilo kwa mara ya kwanza.

Tübingen ina watu kama 90,000, yaani haifiki nusu ya Moshi. Ina chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1477, mto Neckar umepita katikati, na Wajerumani wakiulizwa habari za miji inayojali mazingira, huutaja haraka. Paneli za sola ziko juu ya mapaa. Baiskeli zimejengewa madaraja yake, na lipo linalopashwa moto wakati wa baridi ili barafu isigande juu yake. (Kicheko.) Mnacheka, lakini mtu akiteleza na baiskeli mwezi wa kwanza, wa pili anarudi kwenye gari. Na gari lenyewe halikuachwa: ada ya mwaka ya mkazi kuegesha mtaani kwake ilikuwa euro 30, wakaipandisha hadi 120, na kwa magari mazito 180. Walinung'unika, tena sana.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kikombe.

Tarehe 1 Januari 2022, chini ya meya Boris Palmer, mji ule ulianza kutoza ushuru wa vifungashio. Ukiuza kahawa kwenye kikombe cha kutupa, au chakula kwenye boksi la kutupa, unadaiwa senti 50 za euro kwa kila kimoja, zaidi ya shilingi elfu moja za kwetu. Uma au kijiko cha kutupa, senti 20. Anayelipa halmashauri ni muuzaji, si mteja wala mpita njia. Na kabla hawajatoza, walitoa ruzuku ili wenye migahawa wanunue vyombo vya kurudishwa na mashine za kuviosha.

Mwenye mgahawa wa McDonald's pale mjini akaenda mahakamani. Mwaka 2022 mahakama ya jimbo ikampa haki. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya utawala ikageuza, na Januari 2025 Mahakama ya Katiba ikatangaza kwamba mji una haki ya kutoza. Mji wa Konstanz ulikuwa umeshaiga, tangu siku ya kwanza ya mwaka huohuo.

Sasa, nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Watafiti wa chuo kikuu cha hapohapo Tübingen walipima uzito wa taka kwenye mapipa ya mjini, na katika mwaka ule wa kwanza hawakuona upungufu unaopimika. Wapinzani walishangilia. Mimi naona kikombe cha karatasi ni chepesi mno kuhukumiwa kwa mizani. Kilichobadilika ni upande wa pili wa kaunta: migahawa mingi zaidi ikaanza kutoa vyombo vya kurudishwa, kwa sababu kila boksi la kutupa sasa lina bei.

Hapo ndipo tunapoachana nao. Sheria yetu inamngoja mtu mwisho wa safari, pale anapofungua kiganja na kuangusha. Yeye ndiye anayekamatwa na mgambo. Aliyemfungia chipsi kwenye boksi jeupe lisilooza hana kesi. Kwa hiyo barabara za mjini zinang'aa, na taka zote, zimefagiliwa vizuri na kwa nidhamu, zinapanda gari kwenda dampo la Kaloleni. Wa Kaloleni mpo? Ninyi ndio mnaojua usafi wa Moshi unaishia wapi.

Tulishawahi kumgusa muuzaji mara moja, nchi nzima, Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Rambo zikatoweka sokoni Mbuyuni kama zilivyotoweka kwingine. Vile vimfuko vyembamba vinavyoonyesha vikabaki vikijiita vifungashio, lakini hakuna aliyeshindwa kubeba nyanya zake nyumbani.

Kuna wanaosema wenzetu wanaweza kwa sababu wana tabia nzuri. Sikubali. Wangekuwa na tabia hiyo, ushuru wa nini? Waulizeni wazee wa Old Moshi na Marangu habari za mfongo. Maji yalishuka kutoka mlimani kwa sababu mfereji ulikuwa na wenyewe na siku yake ya kuzibuliwa, na asiyetokea alitozwa mbege, au hata mbuzi. Mchaga hakuzaliwa na upendo wa kuzibua mitaro.

Ninachopendekeza kwa madiwani ni kidogo: waanze na boksi jeupe peke yake, wamtoze muuzaji wa jumla anayeliingiza mjini, na fedha hiyo inunue sahani na masinki ya kuoshea pale stendi na sokoni. Najua ugumu uliopo. Maji yanakatika. Mteja anaogopa sahani iliyooshwa haraka. Anayekimbilia basi la Arusha hawezi kurudisha bakuli, na huyo sijui tumfanyeje.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali yaanze na mama lishe wale wa safu ya nyuma, kwa sababu hizo sahani mtaosha ninyi.