Je, Kampuni Inayothubutu Ndiyo Inayopata Faida?

Ndugu zangu wafanyabiashara wa Mtwara, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie kama kampuni yenye moyo wa kijasiriamali hufanya vizuri kuliko inayokwenda taratibu. Mara nyingi ndiyo, ila si kwa kiasi tunachoimbiwa kwenye semina.

Mwaka 1983 mtafiti Danny Miller aliutazama moyo huo kwa mambo matatu: kubuni vipya, kuthubutu penye hatari na kuwawahi washindani. Mwaka 2009 Rauch na wenzake walijumlisha tafiti 51, wakakuta uhusiano wa 0.24 hivi kati ya moyo huo na mafanikio, kwenye kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe: moyo huo unaeleza kama asilimia 6 tu ya tofauti za mafanikio kati ya kampuni. Zilizobaki zinatokana na mambo mengine.

Mengine yapi? Tuchukue kubangua korosho. Akina mama hapa wanajua mafuta ya ganda yanavyounguza vidole, na korosho ikivunjika bei inashuka. Lakini ugumu mkubwa uko mnadani. Korosho za wakulima zinapitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na stakabadhi ghalani, yaani mzigo unawekwa ghalani kwa risiti kisha unauzwa mnadani, na mbanguaji anagombea mzigo uleule na wanaousafirisha ghafi kwenda India na Vietnam. Msimu ni mfupi, kwa hiyo anatakiwa kununua kwa miezi michache mzigo wa kubangua mwaka mzima. Unaweza kuwa mbunifu kupindukia. Bila fedha Oktoba, mashine zitalala hadi msimu ujao. Halafu kuna mwaka kama 2018, wakulima wakagomea bei ndogo za mnadani, Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hapo mfanyabiashara binafsi angemuwahi nani?

Watafiti Covin na Slevin, 1989, walikuta kuthubutu kunazisaidia kampuni ndogo pale soko linapokuwa kali. Penye utulivu, waangalifu ndio waliofanya vizuri. Mimi naongeza: soko kali linataka na akiba.

Mnakumbuka joto la gesi asilia hapa Mtwara, watu walivyokimbilia kujenga nyumba za wageni? Mtafiti akija leo na dodoso lake atawahoji waliosalimika. Waliofunga hawamo kwenye orodha yake, na walithubutu vilevile. Ndiyo maana hata hiyo 0.24 mimi huipokea kwa kuipunguza kidogo.

Haya, maswali. Tuanze na mama wa pale nyuma.