Roger Tsien, mkemia aliyezitia seli rangi

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo mada ni ya Baraka, na tangu juzi ananitumia picha za panya wanaong'aa kijani. Haya kaka, tuambie, ni kazi ya nani?

BARAKA: Ya watu kadhaa, dada, ila mimi nimempenda mmoja: Roger Tsien. Kwa Kichina ni Qian Yongjian. Amezaliwa New York mwaka 1952, wazazi wamehamia Marekani kutoka China. Baba mhandisi, mama muuguzi. Ukoo wenyewe umejaa wahandisi. Yule Qian Xuesen aliyejenga mpango wa roketi wa China ni binamu wa baba yake. Mwaka 2008 Tsien akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Osamu Shimomura na Martin Chalfie. Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 64.

ZUHURA: Na kemia ilimwingia vipi?

BARAKA: Kwa macho. Alikuwa na pumu, kwa hiyo muda mwingi alishinda ndani, na humo ndani akachezea kemikali. Kuna jaribio moja alilipenda: unayeyusha sodiamu silikati kwenye maji, kisha unadondosha vipunje vya chumvi za metali. Ukitulia kidogo unaona vinachipua! Vijiti vinapanda juu kama mimea. Nikeli inatoa kijani, chuma inatoa kahawia, kobalti inatoa buluu. Hebu fikiria mtoto anaangalia hayo mwenyewe nyumbani. Alipofika miaka 16 akashinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya sayansi ya Westinghouse, ya wanafunzi wa sekondari wa Marekani nzima.

ZUHURA: Kisha Harvard, kisha Cambridge.

BARAKA: Ndiyo, hapo tupite haraka, kwa sababu utamu uko Cambridge. Alitaka kuona kalsiamu ndani ya seli iliyo hai. Moyo ukidunda, msuli ukikaza, neva ikipeleka ujumbe, kalsiamu inapanda ghafla ndani ya seli halafu inashuka. Lakini haionekani. Tsien akatengeneza rangi inayoishika kalsiamu na kuiacha magnesi, ingawa magnesi ndiyo iliyojaa zaidi humo ndani.

ZUHURA: Na hiyo rangi inaingiaje? Seli ina utando, haipitishi kila kitu.

BARAKA: Swali lenyewe hilo! Rangi ile ina chaji ya umeme, utando unaikataa. Watu walikuwa wakidunga seli moja moja kwa sindano nyembamba ya kioo, na seli nyingi ni ndogo mno kwa kudungwa. Tsien akazifunika zile sehemu zenye chaji kwa esta, yaani vifuniko vya kikemia visivyo na chaji. Sasa molekuli inapenya yenyewe. Ikishafika ndani, vimeng'enya vya seli vinakata zile esta, chaji zinarudi wazi, na rangi imenasa. Ni dema la samaki: mlango wa kuingia upo, wa kutoka hakuna. Njia hiyo aliitangaza mwaka 1981, na maabara zinaitumia hadi leo. Mimi nikisoma hapo huwa nasimama kwanza. Kwamba seli yenyewe ndiyo inayomaliza kazi!

ZUHURA: Sasa nipeleke kwenye wale panya wa kijani.

BARAKA: Wanaanzia kwa konyeza, dada, yule mnyama wa baharini mwenye mwili kama jeli. Si wa kwetu, ni wa Pasifiki, upande wa Marekani. Shimomura alikuwa akiwavua pale Friday Harbor pamoja na mkewe na watoto wao, na miaka ya 1960 akapata kwao protini ambayo ukiimulika kwa mwanga wa buluu, inatoa kijani. Mwaka 1992 Douglas Prasher akaichomoa jeni yake. Mwaka 1994 Chalfie akaonyesha kwamba ukiiweka jeni hiyo kwenye bakteria au mnyoo, nao wanang'aa.

ZUHURA: Na Tsien?

BARAKA: Tsien aligundua kwamba protini hiyo inajitengenezea rangi yenyewe, inachohitaji ni oksijeni tu. Kisha akaanza kuirekebisha. Ni mnyororo wa asidi amino 238, yaani vipande vinavyojenga protini. Yeye akabadilisha moja tu, ya 65, akaweka threonini mahali pa serini. Ikang'aa zaidi na haikufifia upesi. Akaendelea hadi samawati na manjano. Nyekundu ilikuja baadaye, kutoka protini ya matumbawe iliyopatikana na wanasayansi wa Moscow, na mwaka 2004 kikundi chake kikatoa rangi zenye majina ya matunda. Mojawapo ni mCherry, yenye jina la tunda la cheri.

ZUHURA: Nyekundu ina nini cha pekee?

BARAKA: Weka tochi ya simu nyuma ya kiganja chako gizani. Unaona nini? Wekundu. Nyama inapitisha mwanga mwekundu kuliko wa kijani, kwa hiyo ukitaka kufuatilia seli za saratani ndani ya panya aliye hai, nyekundu itakufikisha mbali zaidi.

ZUHURA: Nirudi kwa huyo Prasher. Jeni ni yake, mbona hukumtaja kwenye tuzo?

BARAKA: Kwa sababu hakupata. Nobel haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu. Fedha zake za utafiti zilikuwa zimekwisha zamani, lakini kabla hajaiacha kazi hiyo aliwapelekea Chalfie na Tsien ile jeni. Tuzo inatangazwa, yeye yuko Huntsville, Alabama, anaendesha gari la kusafirisha wateja wa duka la magari.

ZUHURA: Hilo linaniuma, Baraka. Linaniuma sana.

BARAKA: Hata mimi. Ila Tsien hakumficha. Yeye na Chalfie walimtaja hadharani, wakamlipia Prasher na mkewe safari ya kwenda Stockholm kwenye sherehe.

ZUHURA: Safari ni ya siku chache. Mtu anahitaji kazi yake.

BARAKA: Akaipata. Mwaka 2012 Prasher alihamia San Diego, akaingia maabara ya Tsien, na akafanya kazi humo hadi 2015.

ZUHURA: Afadhali. Hapo nampa Tsien heshima yangu yote.