Cheri chachu za Michigan na soko lake

Ndugu wahadhiri, wanafunzi na wakulima mlioitika wito, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie soko la cheri chachu, yale matunda madogo mekundu ya mtini. Nitawapeleka Michigan, Marekani, jimbo linalotoa takriban robo tatu ya cheri hizo nchini humo, nyingi zikitoka kandokando ya Ziwa Michigan, kuzunguka mji wa Traverse City. Ziwa ndilo mlezi wa zao hili. Maji yake huchelewa kupata joto, na miti iliyo karibu huchelewa kuchanua hadi jalidi iishe. Ikibahatika.

Mwaka 2012 haikubahatika. Machi joto lilipita nyuzi 25, miti ikaamka kabla ya wakati. Aprili jalidi ikarudi, usiku baada ya usiku. Ukipasua ua lililopigwa na jalidi unakuta pale katikati, tunda lingeanzia, pamekuwa peusi, ilhali petali bado ni nyeupe pee. Kwa mbali ungesema shamba limestawi. Mwaka 2011 jimbo lilivuna pauni za uzito milioni 157. Mwaka 2012, milioni 11 na ushee.

Wengi huishia hapo na kulaumu hali ya hewa. Mimi naona kidonda kikubwa kiko sokoni. Karibu miti yote ni aina moja, Montmorency, yenye asili ya Ufaransa. Tunda lake ni laini na kali mno kuuzwa bichi. Mashine hukamata shina, ikalitikisa sekunde chache, matunda yakamwagika kwenye turubai, yakaingizwa kwenye matangi ya maji baridi na kukimbizwa kiwandani. Zaidi ya hapo mkulima hana pa kuyapeleka, na mwenye kiwanda analijua hilo. Wakulima wa nyanya mliopo hapa hamhitaji kuelezwa.

Mavuno yakiwa mengi nayo ni balaa. Tangu miaka ya 1990 upo utaratibu wa serikali kuu wa kuzuia sehemu ya mavuno ili bei isiporomoke; mwaka 2009 matunda mazuri yalimwagwa. Huku nyuma, cheri kavu za Uturuki zinaingia kwa bei ya kutupa. Mwaka 2019 wakulima na wasindikaji walilalamika rasmi, wakitaka zitozwe ushuru. Wizara ya Biashara ya Marekani ikakubali kwamba zinauzwa chini ya thamani yake, lakini tume inayopima madhara ikasema hayakuthibitika. Ushuru ukafia hapo.

Tegemeo jipya ni juisi nzito, inayonadiwa kwa wanariadha na wanaokosa usingizi. Tafiti zipo, nyingi ni ndogo. Mimi nisingepanda hata ekari moja kwa kuzitegemea, maana mti huchukua miaka kama sita kabla ya shina kuhimili kutikiswa na mashine, na katika miaka hiyo mkopo haulali. Wakati huo wajenzi wa nyumba za mapumziko wanabisha hodi kwa kila mwenye shamba linalotazama ziwa, na bei wanayotaja ni ya ekari, si ya pauni.

Karibuni maswali.